LOUIS PASTEUR, MTU ALIYEPOOZA UPANDE MMOJA

Kila muhula gazeti letu hutoa habari za maisha ya mtu mmoja maarufu wa zamani. Wenzangu wamekwisha kuandika habari za wapiganaji, wafalme na wasafiri. Mimi nimemchagua mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Bwana Louis Pasteur. Hapana mwanafunzi wa sayansi asiyelijua jina hilo, maana tunalikuta katika masomo ya Biolojia kila tusomapo habari za vijidudu na chanjo. Lakini kuna jambo moja katika maisha yake ambalo sikulijua mpaka lilipotupata msiba nyumbani kwetu. Kwa hiyo nitaanza kwa babu yangu, kisha nitakwenda kwa Pasteur, na mwisho nitarudi kwa babu.

Babu ni mkulima wa kahawa na migomba katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya mji wa Moshi. Mwaka jana wakati wa masika alikuwa akizibua mfereji wa maji pamoja na majirani. Jembe likamponyoka mkononi. Akacheka, akaliokota. Likamponyoka tena, akaliokota. Mara ya tatu hakuweza kuliokota, na watu walipomtazama usoni waliona mdomo umekwenda upande. Wakambeba mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Waganga wakasema ni kiharusi.

Baada ya majuma kadhaa alirudishwa nyumbani. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na ulimi haukumtii. Watu wakasema mengi. Wengine walisema amerogwa, na wengine walisema kwamba umri wake umetimia. Siku moja ya likizo baba zangu wakubwa na wadogo walikaa nje nyuma ya nyumba, wakaanza kusemezana habari za kihamba: nani atachukua upande wa juu penye kahawa, na nani atachukua upande wa mferejini. Mimi nilikuwa ndani nikimlisha babu uji. Dirisha lilikuwa wazi. Babu alisikia kila neno, wala hakuweza kusema lolote. Machozi yalimtoka jicho moja na jingine, nami nikajifanya sikuona.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Biolojia jambo lile. Akaniambia niende maktaba nikasome maisha ya Pasteur, nisiishie penye maziwa na chanjo. Nikaenda, nikasoma, na hizi ndizo habari nilizozipata.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa Napoleon hapo kwanza, kisha akawa mtengenezaji wa ngozi. Watu wa kazi ile si matajiri, na nyumba yao haikosi harufu. Louis alikulia katika mji wa Arbois. Shuleni hakuwa wa ajabu. Alipenda zaidi kuchora picha za watu, nazo picha zake zilikuwa nzuri. Alipokuwa karibu kutimiza miaka 16 alipelekwa Paris kusoma katika bweni. Sisi tukaao bwenini tutamwelewa vema: alishikwa na hamu ya nyumbani, akaitamani hata ile harufu ya ngozi, asiweze kula wala kulala vizuri. Baba yake akaja kumchukua kabla muhula haujakwisha. Hivyo yule ambaye baadaye alijulikana dunia nzima alishindwa na bweni mara ya kwanza.

Lakini hakuishia hapo. Alijaribu tena, na alipofanya mtihani wa kuingia katika chuo kikubwa cha waalimu cha Paris alishinda, ila hakuridhika na nafasi aliyoipata. Akakataa kuingia, akarudia kusoma mwaka mzima, akafanya mtihani ule mara ya pili, akawa miongoni mwa wa kwanza. Aliingia chuoni mwaka 1843. Mwaka 1849 alimwoa Bibi Marie Laurent. Bibi huyo alimwandikia barua na makala zake kwa mkono wake, naye ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa kwanza siku zote za maisha yao.

Kazi zake za mwanzo nitazipita upesi, maana zinajulikana. Alionyesha kwamba kuchacha kwa pombe, divai na maziwa ni kazi ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Alionyesha kwamba viumbe hivyo havizuki vyenyewe tu, bali huingia kutoka nje pamoja na mavumbi ya hewani. Alionyesha tena kwamba divai ikipashwa moto kwa kiasi, pasipo kuchemka, vijidudu viharibuvyo hufa na divai hukaa muda mrefu. Njia hiyo ndiyo inayotumika sasa kwa maziwa, nayo huitwa kwa jina lake mahali pengi ulimwenguni. Akina mama wa Nronga katika wilaya ya Hai, walioanzisha chama chao cha ushirika wa maziwa mwaka 1988, ni miongoni mwa watu wengi sana ambao kazi yao inamhusu mtu huyu.

Mwaka 1865 alipewa kazi ngumu. Kusini mwa Ufaransa watu walifuga viwavi wa hariri kama sisi tunavyolima kahawa: ndiyo mali yao, ndiyo karo ya watoto wao. Ugonjwa ukaingia, viwavi wakatokwa na madoadoa kama pilipili iliyosagwa, wakafa kwa maelfu. Pasteur hakuwahi kumshika kiwavi wa hariri hata siku moja, lakini alikubali kwenda. Miaka ile ilikuwa ya huzuni kwake. Binti yake wa kwanza alikuwa amekwisha kufa mwaka 1859. Mwaka 1865 akafa baba yake, kisha binti yake mwingine aliyekuwa na miaka miwili tu. Na mwaka 1866 akafa binti wa tatu, mwenye miaka 12, kwa homa ya matumbo. Katika watoto watano wakabaki wawili. Yeye akaendelea kwenda kusini kila msimu na hadubini yake.

Njia aliyoigundua ilikuwa rahisi. Nondo jike akimaliza kutaga, humsaga na kumtazama kwa hadubini. Ukiona vijidudu ndani yake, yachome mayai yake yote. Usipoviona, yatunze, nayo yatakuwa mbegu njema. Lakini wauzaji wa mbegu walimpinga, na wafugaji wengi walisitasita.

Sasa nimefika penye jambo lenyewe. Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1868 Pasteur, akiwa na umri wa miaka 45, alisikia mwili unamsisimka upande wa kushoto. Baada ya chakula cha mchana akatetemeka kama mwenye baridi. Mkewe akafadhaika. Hata hivyo alikwenda katika mkutano wa wataalamu, akasoma makala, akarudi nyumbani kwa miguu. Usiku alipokwisha kulala, kiharusi kikamkamata. Mkono na mguu wa kushoto vikakataa kufanya kazi. Waganga wa siku zile hawakuwa na dawa kubwa. Walimwekea ruba nyuma ya masikio ili wamnyonye damu. Kwa siku kadhaa watu walingoja kifo chake.

Lakini akili yake haikupooza. Yapata siku nane baada ya kuanguka, akiwa kitandani, alimwita mwanafunzi wake mmoja akamsomea maneno ya makala juu ya namna ya kuyapima mayai ya viwavi, naye akayaandika. Makala ile ikapelekwa mbele ya wataalamu kama kwamba mwenyewe yu mzima.

Ndugu wasomaji, sikilizeni tena. Wakati ule Serikali ilikuwa ikimjengea maabara mpya, kwa amri ya Kaisari Napoleon wa Tatu. Kuta zilikuwa zimeanza kuinuka. Mara tu habari za ugonjwa wake zilipoenea, mafundi wakaondolewa. Wakubwa fulani waliona kwamba hapana haja ya kupoteza fedha kumjengea mtu aliye njiani kwenda kaburini. Mgonjwa akatambua kwamba ujenzi umesimama, akaelewa sababu yake, akahuzunika mno. Jambo hilo likafika masikioni mwa Kaisari, naye akaamuru kazi iendelee mara moja. Mafundi wakarudi.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje ya maktaba. Nilikumbuka dirisha la nyumba yetu. Wale mafundi wa Paris na baba zangu wa kihambani hawakuwa na nia mbaya. Walifikiri tu kwamba mtu akipooza amekwisha. Na mgonjwa alielewa yote akiwa kitandani, huko Paris kama huku kwetu.

Tarehe 18 Januari 1869, miezi mitatu tu tangu aanguke, Pasteur alisafirishwa kwa gari la moshi kwenda kusini, pamoja na mkewe na binti yake, ili aangalie msimu wa viwavi. Hakuweza kutembea vema. Aliketi kitini au alilala, akatoa maagizo, na wengine wakafanya kazi ya mikono. Pole pole akaanza kutembea tena. Mwishoni mwa mwaka ule alipelekwa katika shamba moja la jamaa ya Kaisari, karibu na mji wa Trieste, akaitumia njia yake kwa mbegu za huko. Mavuno ya mwaka 1870 yalikuwa mema, na shamba lile likapata faida baada ya miaka mingi ya hasara. Waliompinga wakapungua.

Lakini sitaki kuwadanganya, kwa maana mimi mwenyewe nilitafuta sana mahali palipoandikwa kwamba alipona kabisa, nisipaone. Hakupona kabisa. Mguu wa kushoto aliuburura siku zote za maisha yake, na mkono wa kushoto ulibaki mgumu. Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya vidole: kushika vichupa, kufungua, kumimina. Akabadili namna ya kufanya kazi. Akatafuta vijana hodari, kama Emile Roux na Charles Chamberland, wakawa mikono yake. Yeye akawa macho na fikra. Kila jambo alitazama, aliuliza, aliandika.

Na tazameni aliyoyatenda baada ya kupooza. Yapata mwaka 1879 aligundua kwamba vijidudu vya ugonjwa wa kuku vikikaa muda mrefu hudhoofika, na kuku akichomwa navyo haugui sana, tena huwa na kinga. Mwaka 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort, alifanya jaribio la kimeta mbele ya watu. Wafugaji wa mkoa wetu wanaujua ugonjwa huo, uuao ng'ombe, kondoo na hata watu walao mzoga. Walichukuliwa kondoo kama 50. Nusu wakachanjwa, nusu wakaachwa. Kisha wote wakatiwa vijidudu vikali vya kimeta. Tarehe 2 Juni watu walipokusanyika, waliochanjwa walikuwa wamesimama wakila, na wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakaribia kufa.

Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Ugonjwa ule ukishaanza hapana aponaye. Pasteur alikuwa na chanjo aliyoijaribu kwa mbwa, iliyotengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa, ila yeye hakuwa mganga wa watu, na sheria haikumruhusu kumchoma mtoto sindano. Daktari Grancher akafanya kazi hiyo, sindano 13 kwa muda wa siku kama 10. Pasteur hakupata usingizi siku zile. Mtoto akaishi. Hesabu, ewe msomaji: kutoka mwaka 1868 hata 1885 ni miaka 17, na huo ndio umri wangu mimi. Yaani yule ambaye maabara yake ilisimamishwa kwa kuwa amekwisha, aliishi na kufanya kazi muda wote ambao mimi nimekuwa duniani, ndipo akaifanya kazi yake iliyosifiwa kuliko zote.

Watu wa nchi nyingi wakatoa fedha, ikajengwa Taasisi ya Pasteur huko Paris, ikafunguliwa tarehe 14 Novemba 1888. Lakini mwezi wa Oktoba 1887 kiharusi kilikuwa kimemrudia, kikampunguzia nguvu za ulimi. Siku ya kufungua taasisi, hotuba yake ilisomwa na mwanawe, naye mwenyewe akakaa akisikiliza. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, akiwa na miaka 72, karibu miaka 27 tangu kile kiharusi cha kwanza. Alizikwa ndani ya taasisi yake.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa waliompinga, alipenda sifa, na wasomi waliochunguza madaftari yake katika karne ya 20 waligundua kwamba hakusema wazi namna chanjo ya Pouilly-le-Fort ilivyotengenezwa. Aliitumia njia ya msaidizi wake Chamberland, na watu wakadhani ni njia yake mwenyewe. Hilo ni kosa, nami naliandika ili mtu asiseme nimemsifu kupita kiasi.

Je, wataalamu wa siku hizi wanasemaje juu ya kiharusi? Wanasema kwamba huja mshipa wa damu uendao ubongoni ukiziba au ukipasuka. Upande wa kulia wa ubongo hutawala mkono na mguu wa kushoto, na upande wa kushoto hutawala wa kulia, na kwa watu wengi hutawala na usemi pia. Ndiyo sababu babu alikosa maneno, na Pasteur mara ya kwanza hakuyakosa. Sehemu iliyokufa haifufuki, ila sehemu zilizo hai zaweza kufundishwa kazi mpya, kama mwanafunzi afundishwavyo hesabu, kwa kurudia na kurudia.

Msidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Ulaya tu. Kutoka mwaka 2003 hadi 2006 wataalamu waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi katika wilaya ya Hai, hapa hapa mlimani, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Katika Hai peke yake, penye watu karibu 160,000 waliohesabiwa, walipata viharusi 453 kwa miaka mitatu. Nao wanatuonya hasa juu ya shinikizo la damu, ugonjwa usio na maumivu, ambao wengi wanao wasijue.

Uchunguzi wa mazoezi nao umeendelea. Mwaka 2006 ilionyeshwa huko Marekani, kwa wagonjwa 222, kwamba mgonjwa mwenye mkono dhaifu, ambaye vidole vyake vinajongea kidogo, akifungwa ule mkono mzima kwa saa nyingi za mchana na kulazimika kuutumia ule dhaifu, mkono ule huongezeka nguvu. Na mwaka 2015 ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulioonyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu katika saa 24 za kwanza hakumfai kama kumwinua kwa kiasi. Kwa hiyo haraka si dawa, na uvivu pia si dawa. Hospitali ya KCMC hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wataalamu wa mazoezi ya viungo, na wengine hufunzwa hapo.

Sasa narudi kwa babu. Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani na daftari langu. Usiku, baada ya kula, niliwasomea jamaa habari za Pasteur, na nilipofika penye mafundi walioondolewa nilisoma pole pole, macho yangu yakiwa katika karatasi. Hapana aliyesema neno. Kesho yake baba mkubwa alikata mti, akachonga fito mbili za mbao kando ya njia ya migombani, mfano wa reli, ili babu ashike anapotembea. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha namna ya kumnyosha vidole na namna ya kumsimamisha bila kumvuta bega. Bibi alichukua kazi ya maneno: kila asubuhi humtajia babu majina ya wajukuu, naye huyarudia.

Babu hajapona. Mkono wa kulia haujaweza kushika jembe, wala sidhani kwamba utashika. Lakini anatembea kwa fimbo mpaka mwisho wa kihamba, anachuma kahawa kwa mkono wa kushoto, na jina langu analitaja, ingawa herufi ya kwanza humpa taabu. Mwezi uliopita palipokuwa na shauri la mfereji, majirani walikuja wakamwuliza yeye, maana ndiye ajuaye mahali maji yanapovujia. Akawaonyesha kwa fimbo. Na habari za kugawa kihamba hazijasikika tena.

Basi wenzangu, kama nyumbani kwenu yuko aliyepatwa na kiharusi, mpelekeni hospitali upesi siku ile ile, wala msingoje kesho. Akirudi, msimwache kitandani kama mzigo, bali mfanyisheni mazoezi kila siku kama alivyoagiza mtaalamu. Nanyi wazee wetu msomao gazeti hili, nendeni mkapimwe shinikizo la damu ingawa hamwumwi. Na sote tuangalie maneno yetu karibu na dirisha la mgonjwa, maana huenda anasikia yote, tena huenda ana kazi ya miaka mingi mbele yake.